Bega la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hajawahi kuniita daktari. Huniita mtu wa mpira. Akiongea na binti yake husema "huyo mtu wako wa mpira," na akiongea na majirani zake wa Mautuma husema "mkwe wangu, yule wa mpira," kana kwamba ile miaka yote niliyokaa chuo kikuu nikipasua maiti nilikuwa nimeenda kutazama mechi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi, na jambo hilo liliniuma. Mji mzima wa Kakamega unaniita daktari. Wauza sukuma wiki wananiita daktari. Kuna refa mmoja niliyemtukana vibaya ujanani, na yeye akikutana nami leo sokoni ananiita daktari. Mtu mmoja tu ndiye aliyekataa, na ndiye niliyetaka aniite hivyo.

Sababu anazo, siwezi kumnyima. Mimi si mtu wa kutazamwa mara mbili. Pua yangu imevunjika mara mbili na ikarudishwa mahali pake mara moja tu. Masikio yamekunjamana kama mandazi yaliyokaliwa. Shingo sina. Nilicheza raga mstari wa mbele, kule kwenye skramu, ambako watu wanane wanainama, wanashikana, wanasukumana na wanane wengine mpaka mtu asalimu amri. Nilicheza hivyo shuleni, nikacheza chuoni, halafu kwa miaka michache nikavaa jezi ya nchi. Wakati uo huo nilikuwa nasomea udaktari. Asubuhi niko wodini nawapima watu presha, jioni niko uwanjani napandishiwa yangu.

Wazo kwamba mtu anaweza kuwa vyote viwili nililiokota kwenye maktaba ya shule. Kulikuwa na kitabu cha kale kisicho na jalada, kimeliwa na mende pembeni, na ndani yake picha ya wazungu wa enzi za Malkia Viktoria, wana masharubu mazito na kofia ndogo zenye kishada, wamekunja mikono kifuani kama watu waliokasirishwa na mpiga picha. Chini ya mmoja wao paliandikwa kwamba aliichezea nchi yake raga, kisha akawa daktari wa mji mdogo, akazalisha wanawake na kufunga watu mifupa mpaka uzeeni. Jina lake nimelisahau kabisa. Masharubu siyasahau. Likizo ilipofika nilimsimulia baba habari zake, kwa sababu baba alikuwa ameniambia nichague, mpira au kitabu. Baba alikuwa akipima miwa kule Butali, mtu wa maneno ya kuhesabika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo alikuwa na mtu wa kumlimia." Kisha akaniacha nifanye vyote viwili, mradi shamba nalo lilimwe.

Basi ilipofika siku ya kupelekwa Mautuma kujitambulisha kwa kina mke wangu, nilienda nikiwa nimevimba kichwa. Daktari mpya, mchezaji wa taifa, suti ya kuazima. Mama mkwe alisimama kwenye mlango wa jikoni, mbali, akanitazama masikio, akanitazama pua, kisha akamwuliza shangazi mtu kwa sauti ya kusikika uani kote: "Huyu atamshika mgonjwa na mkono gani? Huu wa kupigananga?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa mdomo.

Hapo inafaa nieleze mila, kwa maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea. Kwetu mkwe mwanamume na mama mkwe hawagusani. Hawapeani mikono, hawali meza moja, hawalali nyumba moja, na mmoja akimwona mwenzake bila nguo ya heshima, hilo ni jambo la kuitisha wazee. Siku hizi mjini watu wamelegeza. Nawaona hapa Kakamega wakikumbatiana na mama wakwe zao na kupigwa picha. Wangu hajalegeza hata uzi. Miaka zaidi ya ishirini tumesalimiana yeye akiwa mlangoni na mimi nikiwa kitini, macho yake ukutani, yangu kwenye kapeti, na maneno yetu mengi yakipitia kwa binti yake. Kwa hilo ninamheshimu, na sijawahi kutaka kumgusa. Nilitaka aniite daktari, basi, na akiugua aniulize mimi. Haulizi. Alipopata presha alipanda gari mpaka Eldoret kwa daktari asiyemjua kabisa, na mimi nikaipata habari hiyo nikiwa nimeshika tonge mkononi.

Sasa, mwaka juzi, Jumamosi moja ya mvua nyingi, tulikwenda kumpelekea gauni. Mke wangu anafundisha ushonaji katika chuo cha ufundi cha Sigalagala, na mikono yake inajua kitambaa kuliko mimi ninavyojua ini. Alikuwa amemshonea mama yake gauni la kitenge lenye mikono mipana na kola ya kushonwa kwa sindano ya mkono, kazi ya wiki tatu. Mama akalivaa pale pale, akazunguka nalo chumbani, akakataa kulivua. "Majirani waone kwanza," akasema.

Na kwa kuwa mkwe amekuja, jogoo alikuwa lazima achinjwe. Kwa Waluhya hilo halina mjadala. Mpe mkwe obusuma, huo ugali wetu, na mboga bila ingokho, yaani kuku, uone kama habari hazitafika kwao kabla yake. Alikuwa na jogoo mwekundu, mnene, mwenye kutembea uani kana kwamba boma ni lake na mama ni mpangaji. Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Mama hakutaka kutuma mtu. Alitoka mwenyewe, na gauni lake jipya na viatu vya mpira, kwenda kumshika.

Mimi nilikuwa sebuleni. Nilisikia jogoo akikimbia, nikasikia mama akikimbia, nikasikia jogoo akikimbia tena. Kisha kimya, kisha sauti ya mtu anayejizuia kulia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hiyo mgeni alikuja na mwenyeji akateguka bega.

Nilijua kabla sijafika mlangoni kabisa. Alikuwa ameketi kwenye tope karibu na ghala la mahindi, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, na lile bega la kulia lilikuwa limepoteza mviringo wake, limekuwa na kona. Kichwa cha mfupa kimetoka kwenye kikombe chake. Nimeyaona mengi hospitalini, na langu la kulia limetoka mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, kwa hiyo nalijua jambo hilo kutoka pande zote mbili, ya anayetengeneza na ya anayetengenezwa. Miguu yangu ilikuwa imeshatoka nje. Nilipiga hatua mbili.

"Arudi," mama akamwambia mke wangu. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa maumivu, lakini sauti ilikuwa ile ile. "Mwambie mtu wako arudi ndani."

Nikarudi. Mtu aliyesukumana na majitu ya nchi tano, nikarudishwa ndani na mwanamke wa miaka sabini aliyekaa kwenye tope. Nilikaa kitini na hasira zangu, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, sitadanganya.

Kumpeleka hospitali haikuwezekana. Jirani mmoja, mama wa makamo, alikuja mbio akiwa amejifunika gunia, akatuambia maji yamefunika daraja dogo la bondeni na lori la mahindi limekwama katikati yake. Mama akasema basi aitwe yule mama wa mifupa, anayejulikana kwa kukanda na kurudisha viungo. Yule mama wa mifupa anakaa ng'ambo ya daraja hilo hilo.

Na bega lina saa zake. Likikaa nje muda mrefu misuli inakaza, mishipa inabanwa, na mkono unaweza kubaki dhaifu maisha yote. Mama mkwe analima mwenyewe, anakama ng'ombe mwenyewe, anapasua kuni mwenyewe. Tangu afiwe na mumewe, ule mkono wa kulia ndio umekuwa mzee wa boma. Tena si bega la kuvutwa kwa nguvu. Mfupa wa mtu mzee ukiuvuta kwa pupa unavunjika, na pale hatukuwa na mashine ya kupiga picha wala dawa ya usingizi. Kulikuwa na njia moja ya upole niliyoijua, na ilihitaji mikono.

Mke wangu aliingia sebuleni, maji yanamtiririka usoni. "Wewe ni daktari au si daktari?"

"Muulize mama yako," nikamjibu.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Aliniangalia mpaka nikaona aibu, na ninaiona mpaka leo ninapoandika. Kisha akavua sweta lake, akakunja mikono ya blauzi. "Mikono ninayo mimi," akasema. "Wewe leta maneno."

Akaenda kumweleza mama jikoni, ambako jirani alikuwa amemwingiza. Nilisikia majadiliano yao kupitia mlango.

"Yeye atakuwa wapi?"

"Nje, mama. Nyuma ya dirisha. Amegeuka."

"Amegeuka kabisa?"

"Kabisa."

"Aape."

Nikaapa, kwa sauti, kupitia mlango uliofungwa. Kisha nikatoka nje kupitia mlango wa pili, nikasimama chini ya dirisha la sebule, mgongo ukutani, uso kwenye migomba. Mabati ya nyumba ile yana tundu moja, nalo liko juu ya dirisha hilo. Tone lilikuwa likinipiga katikati ya upara, na sikuthubutu kusogea maana nikisogea sisikii vizuri.

Nikaanza kutoa maagizo. Meza ndefu ya wageni isogezwe katikati. Blanketi mbili juu yake. Mama alale kifudifudi, bega lile likae ukingoni, mkono uning'inie chini. Jirani na mke wangu walimpandisha, na nilisikia meno yake yakisagana. Mkono wa gauni ulikuwa umebana juu ya uvimbe. "Kata," nikasema.

"Nikate nini?"

"Gauni."

Nikasikia mkasi ukipita kwenye kitenge, polepole, kwenye mshono. Hata katika dhiki ile alikata kwenye mshono.

"Shika kifundo cha mkono wake, chini ya kidole gumba. Kuna kitu kinapiga?"

"Kinapiga."

"Mguse juu ya bega, upande wa nje. Anasikia?"

Maneno yakanong'onwa. "Anasema anasikia. Na anasema uache maswali."

"Mwambie achezeshe vidole."

"Anavichezesha. Kimoja amekielekeza dirishani."

Nilifurahi kusikia hivyo. Mtu mwenye nguvu za kunitukana kwa kidole bado ana mishipa yake. Nikawaambia wafunge leso kwenye kifundo cha mkono, na kwenye leso wafunge mtungi wa lita tano wenye maji nusu, wauachilie uning'inie polepole bila kugusa sakafu. Uzito ule mdogo, ukipewa muda, huichosha misuli taratibu mpaka inaachia, na mfupa unarudi nyumbani wenyewe. Hakuna kuvuta. Hakuna ushujaa. Kazi ni kungoja tu.

Tukangoja. Mvua ikarudi. Yule jogoo alipita mbele yangu, akasimama chini ya mgomba, akaniangalia kwa jicho moja. Nikasikia mke wangu akiongeza maji kidogo kwenye mtungi kama nilivyomwambia. Dakika zikaenda, zaidi ya zile nilizotaka.

"Hakuna kitu," mke wangu akasema, na sauti yake ilianza kupasuka. "Amekaza. Bega limekuwa jiwe."

Bila shaka alikuwa amekaza. Huyu ni mwanamke aliyezika mume na kurudi shambani wiki iliyofuata. Kukaza ndiyo kazi aliyoijua. Na nikajua kwamba mtungi, hata ukiwa wa lita ishirini, hautamlegeza, na kwamba saa inakwenda, na mkono ule wa kupasua kuni unaanza kuniponyoka nikiwa nimesimama natazama migomba. Nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu siku ile ya suti ya kuazima. Niliongea naye moja kwa moja, si salamu tu.

"Mama," nikasema. "Langu pia lilitoka."

Nikaendelea.

"Lilitoka mara ya kwanza nikiwa nimevaa jezi ya nchi. Ugenini, kwenye baridi, uwanja umejaa. Skramu iliporomoka, nikaanguka chini ya watu, na nilipoinuka bega lilikuwa mbele, hapa. Wakati huo nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja niwe daktari. Nilikuwa nimesoma kila ukurasa wa bega. Jina la kila msuli. Unajua nilifanya nini, mama?"

Nilihisi anasikiliza. Mke wangu hakuwa akijua hadithi hii, sikuwahi kumsimulia. Kuna mambo ambayo mwanamume mwenye shingo kama yangu hasimulii.

"Nililia. Si machozi tu ya mtu mzima. Nililia kwa sauti, watu wakasikia, nikamwita mama yangu kwa Kiluhya. Nikasema, 'Mayi, nakufa.' Wenzangu walidhani naomba maji. Akaja mzee wa timu, yule anayebebanga taulo na barafu. Nilidhani atauvuta mkono, nikaukaza mwili wote. Hakuvuta. Aliketi kwenye nyasi kando yangu, akashika mkono wangu kama anayesalimia, akaniuliza kwetu tunalima nini. Nikamwambia miwa. Akauliza miwa hukatwa ikiwa na miezi mingapi. Nikaanza kumweleza, huku nalia kamasi, habari za baba yangu na miwa ya Butali, na sikujua bega lilirudi saa ngapi."

Ndani mtu alipumua kwa nguvu. Kisha mama mkwe wangu, akiwa ameweka shavu juu ya meza, akaniuliza mimi, si mtu mwingine:

"Ulilia?"

"Nililia, mama."

"Ukaita mama yako? Mtu mzima hivyo? Na masikio hayo?"

"Na masikio haya haya."

Akacheka. Kilianza kama kikohozi, kikawa kicheko cha tumboni, cha mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi tangu asubuhi, na nikamsikia jirani naye akicheka, na katikati ya kicheko hicho nikasikia mlio mdogo, mzito, wa chini. Ukiwahi kuusikia hutausahau. Mimi nimeusikia ndani ya mwili wangu.

"Limeingia," mke wangu akasema. Halafu akasema tena kwa sauti ya chini sana, "Limeingia, nimelisikia kwenye vidole, limeingia."

Sikugeuka. Mungu anajua nilitaka kugeuka kuliko nilivyowahi kutaka kupata alama yoyote uwanjani. Nilibaki nikitazama migomba, machozi yananitoka, tone la bati linanipiga utosini, na nikaendelea kutoa maagizo kwa sauti kali ili nisigundulike. Pima tena kifundo. Vidole vichezeshwe tena. Funga mkono kifuani kwa leso, hivi, kiwiko kikae mbavuni. Asiunyanyue. Wiki tatu, halafu aje Kakamega niuangalie na tupige picha.

"Anasema mkono umerudi, picha ya nini," mke wangu akaleta jibu.

Baadaye mvua ilipokatika mama aliketishwa mlangoni na mkono wake umefungwa, na mara moja akaona lile ambalo sisi wote tulikuwa tumelisahau. Jogoo bado alikuwa hai, na mkwe bado hajala. "Mtu wa mpira si amekaa bure," akamwambia binti yake. "Ashike kuku."

Mgeni hajishikii kuku wake, lakini nani angebishana siku hiyo. Nilivua viatu nikaingia kwenye tope. Jogoo alinipiga chenga kushoto, akanipiga chenga kulia, akapita katikati ya miguu yangu kwa dharau. Nilimdaka mara ya nne, kwa tumbo, tope mpaka kwenye nyusi, na bega langu la zamani likapiga kelele zake. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amefunika uso kwa ule mkono mzuri, mabega yake yanatikisika, na nikampigia kelele kupitia kwa mke wangu kwamba asilitikise la kulia.

Tulikula yeye akiwa jikoni na sisi sebuleni, kama kawaida. Sahani yangu ilipokuja niliangalia firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa, wanawake zamani hawakuila kabisa, na katika miaka yote ile mama mkwe alikuwa akiipeleka kwa shemeji zangu, kwa mzee wa kanisa, kwa yeyote isipokuwa mimi. Siku hiyo nilijua itakuja. Haikuja. Nikageuka nikaona mke wangu anatafuna, anaangalia dirishani. "Mama amesema ni ya mikono iliyofanya kazi," akasema. "Usiniangalie hivyo, kula."

Nilikula. Nilikasirika kidogo, nikacheka kidogo, na nyama ilikuwa tamu, siwezi kusema vingine. Maji ya daraja yalishuka kabla jua halijazama, lile lori likavutwa kwa trekta, tukarudi Kakamega. Njiani nilimwambia mke wangu kwamba mama asipokuja kuangaliwa, bega lile litaganda, atashindwa hata kufunga kitambaa kichwani. Akasema, "Mama ni mama. Ngoja."

Nikangoja. Wiki ya tatu ilipita. Wiki ya nne ikaanza. Mke wangu alikwenda kumwona mara mbili, akaniletea maneno yale yale, kwamba mkono uko sawa na kwamba atakwenda akipata nafasi. Nilijiambia ameshakwenda Eldoret. Nilijiambia sijali, na niliwakaripia wanafunzi wangu wa udaktari wiki ile nzima.

Halafu Jumatatu moja, kliniki ikiwa imejaa mpaka benchi la nje, muuguzi wangu akaingia akiwa anazuia kicheko. Ni mama Mwislamu wa Mumias, mtaratibu, tumefanya kazi pamoja miaka mingi, hacheki ovyo. "Daktari," akasema, "kuna mama pale nje ameambiwa aende chumba cha pili ambako hakuna foleni, amekataa. Amekaa tangu saa moja. Anasema anangoja yule wa mpira."

Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Nikamweleza muuguzi yule mama ni nani kwangu. Hakuuliza swali hata moja, ana wakwe na yeye. Alichukua kiti changu akakigeuza kielekee ukutani, akaweka kiti cha pili nyuma yake, mgongo kwa mgongo, akaenda kumwita. Nikaketi na kutazama chati ya chanjo.

Nilimsikia akiingia, nikasikia kiti kikilia. Nilijua bila kuona kwamba amevaa lile gauni, kwa sababu mke wangu alikuwa ameushona tena ule mkono wa gauni wiki iliyotangulia, na kwa sababu muuguzi alisema, "Mama, gauni zuri." Tukasalimiana, yeye na mlango, mimi na chati. Muuguzi akawa mikono yangu. Inua mbele. Inua pembeni. Peleka nyuma ya kichwa. Alikuwa ananiambia mkono wa mama umefika wapi, na mimi nikiandika kwenye faili. Ulikuwa umefika mbali kuliko nilivyotegemea. Ulibaki ugumu kidogo tu, wa kutolewa kwa mazoezi ya kupandisha vidole ukutani asubuhi na jioni. Nilimweleza hivyo. Akasema amesikia. Nilidhani ataondoka.

"Na lako," akasema nyuma yangu, "bado linaumanga?"

Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini. Watu wameniletea figo zao, ndoa zao, watoto wao, na ninawapenda, hii ndiyo kazi niliyoiomba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mganga hajigangi, husema watu, na nadhani wengi wamelichukua kwamba mganga haumwi. Muuguzi alikuwa ameinama akikunja leso ya mama ambayo haikuhitaji kukunjwa.

"Linauma, mama," nikasema. "Hasa mvua ikinyesha."

"Unalilaliaga?"

"Nalilalia."

"Acha kulilalia. Lala upande wa kushoto."

Akainuka, akamshukuru muuguzi, akatoka. Mimi nilikuwa bado nimeshika kalamu, na mkono ulikuwa umeandika wenyewe kwa mazoea: alale upande wa kushoto. Nilikuwa nimeshapiga sahihi ndipo nikakumbuka kwamba faili si langu.